Vanishi Mbichi

Lori la mchanga lilipopita mbio kuelekea Munigi, Léoncie alikumbuka kwamba gitaa alilianika mwenyewe kwenye kamba ya nguo, na vanishi yake ilikuwa bado mbichi.

Alitoka, lakini vumbi lilikuwa limemtangulia. Gitaa hilo la umeme lilikuja ndani ya boksi, vipande vya kuunganisha wenyewe, na nyumba nzima ililipiga msasa kwa wiki tatu. Mabinti zake ndio waliochagua rangi nyekundu. Sasa lilikuwa limejaa punje nyeusi za lava, vumbi la barabara yao ya mawe ya volkano, na kwaya ililingoja Jumapili.

Alichukua sindano, akaanza kuzitoa moja moja. Kila punje iliacha shimo.

"Mama, iko nini?" mume wake aliuliza nyuma yake.

Léoncie aligeuza tu gitaa, ajionee. Jua lilipiga zile punje, zikametameta juu ya ule wekundu.

Mume wake aliangalia weee, kisha akaingia ndani. Alirudi na chujio la chai, akachuchumaa kando ya barabara, akalijaza vumbi lilelile jeusi.

"Shika muzuri," alisema. "Huku nyuma bado haijapata hizi za kungaa."