Bakuli la Majaribio

Bogna aliinama kuwasha mshumaa kwenye kaburi la mumewe, mkono wenye kiberiti ukasita. Palikuwa na mshumaa mwingine tayari, ukiwaka ndani ya bakuli la kioo cha kijani lenye vipele kama mgongo wa chura.

Alilibuni Bogna mwenyewe. Vyombo vyake vingine vilishindiliwa kiwandani kwenye kalibu, zile fremu za kuumbia kioo, kwa maelfu, vikajaa makabati ya Poland nzima. Hili lilitoka moja tu, la majaribio. Mumewe, fundi wa tanuri la kioo, alimwambia lilipasuka.

Akaliinua. Vipele vilikuwa vya moto, vikamchoma vidole.

"We mama! Mkono mrefu mpaka makaburini?" alifoka mzee aliyekuwa akifagia majani kwenye kaburi la kando. "Rudisha! Lina mwenyewe hilo. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote analileta asubuhi, jioni anakuja kulichukua."

"Nani?"

"Mke wa marehemu, nani tena?"

Miaka yote Bogna alikuja siku ya pili yake, umati ukishaondoka; mwaka huu tu ndio alikuja siku yenyewe.

Mzee akamkazia macho. "Na wewe ni nani wake?"

Bogna akalirudisha bakuli taratibu, mwali wa mshumaa usizimike.

"Mimi? Mimi nililibuni bakuli."