Wakili wa Wala Miraa

Siku ya tatu bila miraa, Huka alisinzia akiwa amesujudu. Jamaa wakamaliza swala, wakavaa viatu, wakamwacha pale pale, paji la uso mkekani.

"Hii ni vita," Keinan akawaambia wenzake nje ya msikiti, macho yamemwiva. "Anayelala, alale. Lakini asiende kununua kwa Rukiyo."

Keinan ndiye aliyeitisha mgomo. Alikuwa dalali wa ngamia pale Garissa, na mkubwa wa wala miraa wote wa mtaa wa Iftin. Hata mafuriko ya El Nino yalipokata barabara mwaka uliopita, mji ukakosa sukari, yeye jioni shavu lake lilikuwa limejaa. Sasa mkewe Sadiyo alikuwa ameleta habari ya sokoni: Baraza la mji litatoza kodi mpya kwa kila bunda la miraa, lijenge nasari ya watoto wa Iftin na kumlipa mwalimu.

"Kodi kwenye miraa!" Keinan aling'aka. "Kesho watatoza mate!"

"Walahi msikubali," Sadiyo alisema, akimmiminia chai. "Mkikubali mara moja tu, mmekwisha."

Keinan hakuwa mtu mbaya. Binti yake Hodan alishinda nje akichora mchangani kwa kijiti, kwa kuwa shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori, na jambo hilo lilimuuma sana. Lakini lilimuuma asubuhi. Alasiri, gari la miraa likishafika, alikuwa halisikii tena.

Rukiyo, aliyewauzia miraa, aliapa kwamba hajasikia kodi yoyote.

"Kwani kodi hubisha hodi?" Keinan akamjibu, akawaapisha wenzake: hakuna kununua hata jani mpaka Baraza lifute neno lake. Na pesa ya miraa ya kila siku itiwe kwenye mkebe, watafutiwe wakili. Tatizo likawa nani ashike mkebe, maana fisi hapewi bucha. Wakamkabidhi Sadiyo.

Yakaanza mateso. Walipiga miayo mpaka taya zikauma. Walikosana kwa neno dogo, wakapatana, wakasahau walikosana kwa nini. Keinan, kwa kukosa pa kukaa, akawa anarudi nyumbani jua likiwa bado juu, na ndipo alipogundua kwamba Hodan hana meno mawili ya mbele.

"Yameng'oka lini haya?"

"Zamani, aabo."

Aliona haya, akajifanya amelala.

Kisha wakili aliyetafutwa na Sadiyo akashuka kwenye basi la Mwingi: mama mnene mwenye mkoba mweusi na makaratasi makubwa yaliyoviringishwa. "Makaratasi ya kesi," Sadiyo alinong'ona. Keinan akamkaribisha mgeni kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, kazi yako gumu sana. Hii watu kichwa yao ni mawe. Wanabiga kelele tu."

"Nimewazoea, mzee," yule mama akacheka. "Wiki ya kwanza hulia. Baadaye hutulia wenyewe."

Keinan alimpenda papo hapo.

Wakati huo, upande wa pili wa uwanja wa mtaa, mabati ya nasari yalikuwa yakipanda. Keinan alitema chini kila alipopita. Baraza linajenga kwa pesa ambayo halijaipata! Huka, kwa kukosa la kufanya, alimshikia fundi ngazi kutwa nzima. Alipoitwa msaliti, alijitetea kwamba alikuwa anajiegemeza tu.

Mwezi mpya ulipoandama, Sadiyo alirudi nyumbani mbio mbio.

"Wakili ameshinda! Hakuna kodi!"

Iftin ikalipuka kwa shangwe. Wenzake wakaanza kutafuta viatu waende kwa Rukiyo, lakini Keinan akasema muungwana hushukuru kwanza. Akabeba paja la mbuzi, akaenda kumtafuta wakili. Njiani alikutana na diwani Mursal.

"Waryaa Mursal, tumewaangusha!"

"Katika nini?"

"Kodi ya miraa!"

"Kodi gani, Keinan?"

Keinan alicheka mpaka akapaliwa. Tangu lini mtu aliyepigwa akakubali kwamba amepigwa? Alimpigapiga Mursal begani kwa huruma, akaendelea na safari yake.

Mbele kidogo akamkuta Hodan, amevaa sweta jipya la kijani ambalo hakumbuki kumnunulia.

"Umemwona yule mama wa Mwingi?"

Hodan akamshika kidole, akamvusha uwanja mpaka kwenye mlango wa mabati ulionukia rangi mbichi. Ndani, sauti nyingi ndogo zilikuwa zikiimba a, e, i, o, u. Makaratasi ya kesi yalikuwa yametundikwa ukutani, yamejaa picha za kuku na mbuzi, na wakili alikuwa ameshika chaki.

"Watoto, simameni," akasema. "Msalimieni Mzee Keinan, aliyeacha miraa pamoja na wenzake, pesa ikaingia mkebeni, ili ninyi mpate darasa."

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Hodan.