Kura ya Pili

Nsimire aliirudisha karatasi bila saini, na ukumbi wa parokia ukamzomea.

Chama cha wauza sambaza, dagaa wa ziwani, kilikuwa na sheria zake. Azimio la kawaida, wanachama wangeweza kulifuta katika kikao chochote. Lakini prezidenti akikataa kutia saini, nao wakalipigia kura ya pili, theluthi mbili zikitimia linapita bila yeye, wala haliguswi kwa miaka mitano.

Azimio hili lilikuwa la Fabiola: aliyekwisha kukalia kiti cha prezidenti asikikalie tena. Uchaguzi ulikuwa Jumapili, na hakuna aliyeuliza linamlenga nani. Mara ya kwanza lilipita kwa tofauti ya kura moja.

"Kiti si ya baba yako, maman," Fabiola alimwambia mbele ya wote. "Utoke tu."

Nsimire alimchukia mwanamke yule mwaka wa pili sasa, chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Mumewe, Akonkwa, aliugulia kijijini Walungu. Nsimire akaenda kumuuguza, akamwachia Fabiola kazi ya prezidenti, wanachama wakamkubali kwa kura. Hali ilipozidi, wanachama walipitisha kwamba kamioneti ya chama ya kubebea samaki imlete hospitali mjini. Fabiola akakataa kutia saini. Walipomwambia basi wamngoje Nsimire aamue mwenyewe, alikasirika, akasema maneno ambayo karani aliyaandika yote. Siku ile hakuna mwanamke aliyedai kura ya pili. Akonkwa aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva, akakata roho kabla ya kuuona mji.

Baada ya matanga walimrudishia Nsimire kiti, wakadhani yameisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa kura ya pili waliikumbuka vizuri. Fabiola alizunguka meza kwa meza sokoni, akisema Nsimire anang'ang'ania. Hata waliokuwa upande wa Nsimire walichukizwa na kule kukataa kwake. Zilihitajika kura arobaini na moja. Karani alifungua vikaratasi polepole, na arobaini na moja zikatimia, bila hata moja ya ziada. Fabiola alicheza mpaka kilemba kikamtoka.

Jumapili alikuja na kitenge kipya, mgombea peke yake. Nsimire alisimama, akamwomba karani afungue daftari la mwaka juzi, ukurasa wa kamioneti.

Karani akasoma: "Maman Fabiola amesema: Nsimire ni nani? Mulinichagua. Siko remplaçante wa kushikia mtu kiti, niko présidente."

"Basi naye alishakalia kiti," sauti ikatoka nyuma. Fabiola alishika meza, akaomba ile sheria ifutwe leo leo.

"Ungoje miaka tano, maman," Nsimire alisema. "Ile kura ya quarante et un, ya arobaini na moja, ilikuwa yangu."