Kamba ya Kiatu cha Blaise

Kamba ya kiatu cha Blaise ilifunguka tena, pale pale mwinuko wa Mulago, jijini Kampala, unapoanza kuwa mkali.

"Munisubirie kidogo, Jajja," alisema, akapiga goti kando ya barabara kama mtu asiye na haraka ya kufika popote.

Jajja, yaani bibi, ndivyo ua mzima ulivyomwita Mama Lanyero. Alishika kiuno, akavuta pumzi. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kulalamika, kwa hiyo moyoni alishukuru, lakini usoni alikunja ndita.

"Blaise, mwanangu, huko Elgon hakuna atakayesubiri kamba."

"Basi nitazibandika na gundi," Blaise alisema, na wenzake wakacheka.

Kila Jumamosi walianzia Nakivubo, wakajipenyeza katikati ya watu na mizigo, wakapanda hadi Mulago. Mipango yote ilikuwa ya Jajja. Marehemu mumewe, Sajenti Olal, aliwahi kulinda mpaka kule Mlima Elgon, na hadi anafariki alikuwa akisema kwamba ukisimama kileleni asubuhi, mawingu yanakuwa chini ya miguu yako. "Nitakupeleka," alimwahidi kila mwaka. Sasa Jajja alikuwa na karibu miaka sabini, na magoti yake yasingengoja mwaka mwingine.

Alipoitaja safari hiyo uani, majirani watatu walisema papo hapo kwamba watakwenda naye. Blaise, fundi cherehani, na dada yake Olivia walikulia Goma.

"Goma mna mlima unaotema moto," Jajja aliwauliza, "na hamkuupanda hata mara moja?"

"Tuliutazama tu, Jajja," Olivia alijibu, akiendelea kuchambua mchele.

Wa tatu alikuwa Kidega, polisi kijana, ambaye kila Desemba aliwachukua ndugu hao wawili kwenda kumsalimia shangazi yake Mbale, chini ya Elgon yenyewe. Naye alisema mlima huuona kwa dirisha la basi tu.

Basi Jajja akawa kiongozi wa watu wasiojua lolote. Aliwachagulia soksi za sufu soko la Owino. Alimsuta Kidega kwa viatu vyake vilivyolika soli.

"Ni vya mtumba, Afande Jajja," Kidega alijitetea. "Aliyetembea ni mwenyewe wa kwanza."

Walikuwa watoto wema. Olivia alimbebea maji bila kuombwa. Kidega alitembea upande wa magari ili Jajja atembee upande wa ukuta. Lakini wema wao haukuwapa miguu. Isipofunguka kamba ya Blaise, kokoto iliingia kiatuni mwa Kidega. Isipokuwa kokoto, Olivia alitaka picha, na kila mtu ajipange vizuri.

Na Mzee Chelimo, mwongozaji wa wapanda mlima kule Kapchorwa, ambaye namba yake Jajja alitafutiwa na Kidega, alikuwa amesema wazi kwenye simu: "Mimi niko peke yangu, Mama. Akishindwa mmoja njiani, tunashuka wote."

Tangu hapo Jajja hakutulia. Aliyaona mawingu ya Olal yakimponyoka kwa sababu ya kamba ya kiatu. Mara kadhaa alijaribu kuwaambia vijana wabaki, lakini kila alipofungua mdomo, mmoja wao alimletea kiti.

Mwishowe alimpigia Chelimo tena. Alimweleza kwamba katika kundi lao kuna unyonge, akamwomba siku atakayokuja Kampala kumwona binti yake apite nyumbani, awatazame, aseme yeye. Vijana wenyewe hakuwaambia lolote.

Jumapili alasiri walikusanyika sebuleni kwake kupanga mizigo. Kulikuwa na chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga. Kidega alikuwa akishindilia blanketi kwenye mkoba hodi ilipopigwa.

"Nina mgeni," Jajja alisema, bila kuwatazama machoni. "Atakachosema, wanangu, msinichukie."

Mzee Chelimo aliinama mlangoni, akavua kofia, akamsalimu Jajja kwa mikono miwili. Kisha akawaona wale watatu, na uso wake wote ukachangamka.

"Kidega! Na Blaise, na dada yetu Olivia! Kumbe ni nyinyi tena?" Aliwapa mkono mmoja mmoja, akimpiga Blaise begani. "Desemba mlinikimbiza hadi kileleni, kifua changu hakijapona." Akamgeukia mwenye nyumba. "Mama, hawa mlima unawajua. Sasa yule mnyonge uliyesema anaweza kuturudisha njiani, yuko wapi?"

Olivia alitazama dari. Kidega alizidi kushindilia blanketi. Blaise aliinama upesi kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.