Msemaji wa Kwemhafa

Mdoe alishuka tena shimoni ili aweze kusema.

Lilikuwa shimo la kisima alichokuwa akichimba mwenyewe, kina chake kimo cha watu wawili. Huko chini maneno yalimtoka bila kukwama. Mkewe, Chausiku, alikaa juu ukingoni, akisikiliza.

"Ndugu mgeni, sisi watu wa Kwemhafa hatukatai kuishi pamoja," sauti ilipanda. "Tunachokataa ni kuhamishiwa mahali pasipo na maji."

"Vizuri. Sasa panda useme hivyo hivyo."

Mdoe alipanda. Akasimama mbele ya mtu mmoja tu, mke aliyemzalia watoto watatu, akafungua kinywa. Ikatoka "ndu... ndu..." tu. Akaitupa sururu chini.

"Siwezi, Chausiku! Siwezi!"

Zilibaki siku nne kabla ya mkutano. Mwaka ule wa 1974 vitongoji vingi vya Handeni vilikuwa vikihamishiwa kando ya barabara, viwe kijiji kimoja cha ujamaa. Mahali walipopangiwa watu wa Kwemhafa, Mdoe alikwisha kuchimba mara mbili, na mara zote mbili alikuta mwamba mtupu. Afisa wa kuhamisha vijiji, Bwana Yordani, alikubali kuja kuwasikiliza kwa sharti kwamba asimame mtu mmoja awasemee wote. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Hiza, akamteua Mdoe.

Watu walishangaa. Nani asiyejua kwamba siku ya ndoa yake Mdoe alishindwa kutamka "nimekubali," shehe akamsubiri hadi ubwabwa ukapoa? Lakini Hiza alikuwa mjomba wake, ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na baba. Wakasema mzee anajua anachokifanya.

Jioni ile Hiza alipita kumtazama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Maneno yanakuja?"

"Hayaji. Mjomba, nakuomba umteue shemeji yangu Mwanaidi. Yule haogopi mtu."

"Mwanaidi amechimba visima vingapi?" Hiza alimshika bega. "Anayejua maji ni wewe. Ila ujiandae. Nasikia watakuja watu wa vitongoji vyote vinne, macho yote kwako. Na huyo Bwana Yordani, mtu akipata kigugumizi tu, humkalisha hapo hapo, na shauri limekwisha. Nakwambia mapema usije ukashtuka."

Alipoondoka, Mdoe hakugusa ugali.

"Mzee anakutegemea," Chausiku alisema. "Vitongoji vikiunganishwa, mwenyekiti atabaki mmoja. Sijui kama atakuwa yeye."

"Mbona mnanibebesha mzigo juu ya mzigo?" Mdoe alifoka, akatoka nje.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za ugomvi. Alihutubia mbuzi, akaweza. Alihutubia wanawe, akashindwa mbele ya kitindamimba wa miaka minne. Chausiku alimsihi ajaribu tena, kisha akamkemea, kisha akaenda kulala. Hiza hakukosa kupita kila jioni, na kila alipopita idadi ya watu watakaokuja ilikuwa imeongezeka.

Siku yenyewe watu walijaa uwanja mzima wa shule. Bwana Yordani alikuja na Landrova iliyofungwa spika juu ya paa, na kipaza sauti kikawekwa mezani. Hiza alifungua mkutano kwa maneno mafupi, kisha akamwita msemaji.

Mdoe alikishika kipaza sauti. Spika zikasambaza pumzi zake hadi kwenye migomba ya jirani. Neno halikutoka. Mtu mmoja akacheka, wakamfuata wengine. Hiza alikwisha kusimama.

"Ndugu wananchi, tusimwaibishe kijana wetu. Kama msemaji wetu hana la kusema, basi tukubali kwamba..."

"Sijamaliza, mjomba," Mdoe alisema.

Hasira ndiyo iliyolisukuma neno lile. Aliogopa kuwatazama watu, kwa hiyo akaitazama ardhi mbele ya miguu yake, akaanza kuichimba kwa maneno.

"Pima ya kwanza, udongo mwekundu. Nilifurahi. Pima ya pili, changarawe, kavu. Pima ya tatu, changarawe. Pima ya nne nilikuta mwamba, nikaupiga siku kumi na moja mpaka sururu ikavunjika. Nikahama hatua mia mbili, nikachimba tena. Mwamba ule ule." Sauti ilikuwa imetulia sasa. "Na pale ndipo mnapotaka mama zetu wapeleke ndoo."

Akainua uso. Umati wote ulikuwa ukimtazama, naye akautazama.

"Hatukatai ujamaa. Tunauliza, ndugu mgeni, je, umewahi kuonja maji ya pale? Mimi sikuyapata hata ya kuonja. Tuleteeni maji kwanza, na sisi tutabomoa nyumba zetu kwa mikono yetu wenyewe."

Vigelegele vilipasuka. Mwanaidi alirusha khanga yake juu. Chausiku alikuwa akilia bila kujificha. Mdoe alikirudisha kipaza sauti mezani, akabaki amesimama, na kidogo kidogo watu wakatulia kusubiri jibu.

Bwana Yordani alifunga daftari lake, uso umemkunjamana, akamwinamia Hiza sikioni. Hakujua kwamba kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na mnong'ono wake ukawafikia watu wote, hadi wa safu ya mwisho:

"Mzee, si uliniahidi utaniletea mtu asiyeweza kusema?"