Haki ya Mkongwe

"Usitie sahihi, Marcel. Nakusihi."

Lorna, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, alikuwa ameikamata kalamu upande wa pili. Jamani, mwenyekiti mzima anagombania kalamu na mwanachama wake!

Ushuru wa Wamarekani ulikuwa umeua idara ya mzee Marcel. Kiwanda chetu cha viti vya magari, hapa Windsor, ng'ambo tu ya mpaka wa Marekani, kilibaki na idara moja tu. Na sheria ya kazini, ambayo chama chenyewe kiliipigania kwa migomo, inasema mkongwe aliyefungiwa idara anaweza kumwondoa mfanyakazi mgeni akashika nafasi yake. Mgeni alikuwa Kerri, mjane mwenye watoto wadogo.

"Chukua kiinua mgongo chako ukapumzike," Lorna alisema. "Nyumba umemaliza kulipa, mke unaye, mashua ya kuvulia unayo. Unataka nini tena?"

"Haki yangu."

"Nani kasema si haki yako? Mimi nakuomba ubinadamu!"

Marcel hakumtazama. Alikuwa akichungulia dirishani. Nje, dereva wa lori lililoleta mabomba ya chuma alikuwa akigombana na meneja: hashushi hata bomba moja mpaka alipwe taslimu.

Kerri akaingia. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mzee mroho wewe! Ukila na hiki changu ndiyo utashiba?"

Lorna alitaka kumtetea Kerri, lakini kwa sheria ipi? Aliyepaswa kutetewa na chama ni Marcel. Lorna akaiachia kalamu, machozi yakimlengalenga, na Marcel akatia sahihi.

Kerri alikabidhiwa hundi ya kiinua mgongo siku hiyohiyo, kama mkataba unavyotaka, akaondoka analia. Marcel akakaa kwenye mashine ya Kerri. Wiki nzima alikula peke yake. Tulimchukia, na tulihakikisha anajua.

Jumatatu iliyofuata tulikuta lango limetiwa kufuli. Kampuni imefilisika, tukaambiwa. Mishahara, viinua mgongo, vyote vimekwenda na maji. Watu wazima walilia palepale kwenye theluji. Lorna alipiga simu huku na huko, na kila aliyepokea alimpa pole tu.

Marcel akamsogelea taratibu, kofia mkononi.

"Ile hundi ya Kerri, Lorna," akauliza, "iliwahi kupita benki?"