Karibu

Kengele ililia kwa mara ya kwanza, na Hyasinta, mwalimu wa fizikia, akaruka na koleo mkononi.

Alikuwa ameiunga kwa vipande vya redio mbovu, baada ya betri zilizoadimika kurudi madukani Musoma. Mirija miwili ya kunasa chembe za angani ililala mezani, mmoja juu ya mwenzake. Mmoja ukishtuka peke yake, kengele ilinyamaza. Ililia tu yote miwili iliposhtuka kwa mpigo mmoja.

"Karibu!" mama yake akaitikia kutoka jikoni. "Baiskeli iegemeze ukutani!"

"Mama, si mtu! Ni chembe, imepita kwenye bati mpaka sakafuni!"

"Zinatokaga wapi hizo?"

"Mbali kuliko jua!"

Mama akatokeza, mwiko umegandwa na ugali. "Imetoka huko kote, na wewe hujaikaribisha?"

Kengele ikalia tena. Safari hii wakaitikia kwa mpigo mmoja:

"Karibu!"